Kipimo kimepatia 60 kati ya 60: mbona daktari anasema bado?

*"Habari za kazi. Mimi ni mteknolojia wa maabara kwenye kituo cha afya. Tumeletewa kipimo kipya cha haraka cha taifodi: unadunga kidole, unaweka tone la damu kwenye kisahani cha plastiki, unasubiri dakika 15, unasoma mistari. Kwenye kasha kimeandikwa 'usahihi 99%'. Sikutaka kuamini tu, nikakijaribu mwenyewe. Nilichukua seramu (maji ya damu yaliyotenganishwa na chembe zake) tulizohifadhi za wagonjwa 30 ambao damu yao ilioteshwa, yaani iliwekwa maabara ili bakteria waliomo wakue, ikaonyesha bakteria wa taifodi, nikaongeza wafanyakazi wenzangu 30 wazima. Wagonjwa wote 30 walitoka chanya, wazima wote 30 wakatoka hasi. Mkuu wa kituo anataka tuanze kukitumia mara moja. Daktari mmoja anasema haitoshi. Nilipomuuliza kwa nini, alinijibu tu: 'Hao uliowapima sio wanaonijia mimi.' Nimekosea wapi? Na tufanyeje, maana utafiti mkubwa hatuuwezi?"*

Mwenzangu, kabla ya yote, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi. Vitendanishi vingi huingia kazini kwa nguvu ya maandishi ya kwenye kasha na ufasaha wa aliyevileta. Wewe ulikaa ukajaribu. Kwa hiyo ninaposema daktari wenu yuko sahihi, usidhani jasho lako limekwenda bure. Majaribio yako yamejibu swali. Shida ni kwamba swali hilo silo mnalohitaji kulijibu.

Ulichouliza ni hiki: je, kisahani hiki kinaweza kumtofautisha mtu ambaye bila shaka yoyote ana taifodi na mtu ambaye bila shaka yoyote hana? Kinaweza. Hiyo ni hatua halali, ya kwanza kabisa, na kipimo kinachoanguka hapo hakina haja ya kupotezewa muda zaidi. Lakini hakuna daktari anayeagiza kipimo kwa watu wa aina hizo mbili. Mwenye majibu ya kuotesha damu mkononi hahitaji tena kipimo cha haraka, na muuguzi aliyekuja kazini akiwa mzima hana sababu ya kudungwa kidole. Anayepimwa ni yule wa katikati: homa siku ya nne, kichwa kinauma, tumbo halijatulia, chakula hakipiti. Huyo anaweza kuwa na taifodi, malaria, dengi, maambukizi ya mkojo, nimonia inayoanza, au homa ya virusi itakayopita yenyewe. Ndiye anayemjia daktari. Kukisifu kipimo kwa kuwatenga wagonjwa dhahiri na wazima dhahiri ni sawa na kumsifu refa kwa mechi iliyoisha kumi bila. Penalti ya utata haikutokea, kwa hiyo bado hujamjua.

Kwa nini wa katikati hukisumbua kipimo? Visahani vingi vya taifodi vinavyotumia damu ya kidole havimtafuti bakteria. Vinatafuta kingamwili ambazo mwili umemtengenezea. Kingamwili huchelewa: mara nyingi huchukua karibu wiki moja tangu homa ianze kabla hazijafikia kiwango cha kuonekana, kwa hiyo mgonjwa wa siku ya tatu anaweza kutoka hasi huku bakteria wamo damuni. Zikishatengenezwa nazo haziondoki upesi. Baadhi hukaa miezi. Penye taifodi nyingi, mtu anaweza kubeba kingamwili za ugonjwa uliopita huku homa ya leo ikiwa ya malaria. Tena bakteria wa taifodi anashirikiana antijeni, yaani alama ambazo kingamwili huzitambua, na ndugu zake wengine wa jamii ya Salmonella, hivyo kingamwili za mmoja hujibu kwa jina la mwingine. Haya ndiyo yaliyokiharibia sifa kipimo cha Widal, kipimo cha zamani cha kingamwili za taifodi, kilichotangazwa na Georges-Fernand Widal mwaka 1896 na ambacho bado kinafanywa kila siku, pamoja na lawama zote.

Sasa zitazame sampuli zako kwa jicho hilo. Wagonjwa 30 walipita kwenye mchujo wa kuotesha damu, maana yake walikuwa na bakteria wa kutosha kuota. Wenye ugonjwa mwepesi, waliowahi mno na waliokwisha meza antibayotiki kabla ya kufika kituoni hawamo. Wazima 30 hawana malaria, hawana homa, hawana chochote cha kukichanganya kisahani. Umekiondolea kipimo vikwazo vyake pande zote mbili bila kukusudia. Na kuna jambo ambalo huenda hukuliona: ulitumia seramu safi iliyohifadhiwa, wakati mgonjwa atapimwa kwa damu nzima ya kidole. Hizo ni sampuli mbili tofauti, na utendaji wa moja hauhamii kwa nyingine mpaka uthibitishwe.

Mtego huu una historia. Mwaka 1969 watafiti walipima kiwango cha protini iitwayo CEA kwenye damu ya watu 36 wenye saratani ya utumbo mpana iliyokwisha kukomaa, na 35 wakawa na kiwango cha juu. Ilionekana saratani imepatiwa kipimo cha damu. Kilipokuja kujaribiwa kwa wenye saratani changa na kwa wenye magonjwa mengine ya tumbo, uwezo ule ulishuka sana, na leo CEA hutumika zaidi kufuatilia mgonjwa aliyekwisha gunduliwa. Kisha mwaka 1999 kundi la watafiti wa Uholanzi lilipitia tathmini 218 za vipimo mbalimbali, likakuta kwamba tafiti za mtindo wa "wagonjwa wanaojulikana dhidi ya wazima" ziliukuza uwezo wa kipimo karibu mara tatu, kwa kutumia uwiano unaojumlisha makosa ya pande zote mbili. Jaribio lako ni la mtindo huo huo. Si wewe peke yako. Makampuni mengi huanzia hapo, na mengine huishia hapo.

Hiyo "usahihi 99%" ya kwenye kasha nisingeipa uzito. Chukua watu 1,000 ambao kati yao 10 tu ndio wagonjwa, kisha tengeneza kipimo kinachomwambia kila mtu "huna". Kitakuwa sahihi kwa watu 990, yaani 99%, na hakitamnasa mgonjwa hata mmoja. Ndiyo maana tunadai namba mbili zilizotenganishwa. Ya kwanza ni unyeti: kati ya wenye ugonjwa, kipimo kinanasa wangapi? Ya pili ni umahususi: kati ya wasio nao, kinawaachia huru wangapi? Kasha lisilozitenganisha, na lisilosema ni watu gani waliopimwa, limekupa tangazo.

Hata ukizipata namba hizo, kuna kosa lingine ambalo nimelisikia hata kwa madaktari wazoefu: kudhani kwamba kipimo chenye umahususi wa 90% kikitoa chanya, basi mgonjwa ana taifodi kwa uhakika wa 90%. Sivyo. Tufanye hesabu. Watu 1,000 wenye homa wamekuja, na 50 kati yao wana taifodi kweli. Tukipe kipimo unyeti wa 90% na umahususi wa 90%, namba za heshima kabisa. Kitawanasa 45 kati ya wale 50. Kati ya 950 wasio na taifodi, kitawaita chanya 95 kimakosa. Jumla ya chanya ni 140, na wenye taifodi humo ni 45, chini ya theluthi moja. Kisahani hicho hicho ukikipeleka penye mlipuko, ambako 300 kati ya 1,000 wana taifodi, chanya za kweli zitakuwa 270 na za uongo 70, na sasa jibu chanya lina ukweli wa karibu 79%. Kipimo hakikubadilika, waliopimwa ndio waliobadilika. Kwa hiyo kabla ya kuniuliza kipimo kina uzuri gani, niambie kwanza kati ya wenye homa mia wanaoingia kwenu, wenye taifodi ni wangapi.

Nisikifanye kionekane kibaya kuliko kilivyo: upande wa hasi kuna faida. Katika hesabu ile ya kwanza, walioambiwa "huna" ni 860, na waliokosewa humo ni watano tu. Kabla ya kupima, uwezekano wa taifodi ulikuwa 5%. Baada ya jibu hasi umeshuka hadi karibu 0.6%. Kama daktari anatafuta sababu ya kutotoa antibayotiki, hilo si dogo. Lakini linategemea unyeti uwe kweli 90% kwa wagonjwa wa siku za mwanzo, na hao ndio ambao hukuwapima.

Halafu kuna suala la uchache. Kupatia 30 kwa 30 kunaonekana kama ukamilifu. Wanatakwimu wana kanuni nyepesi ya kukadiria: ukijaribu mara kadhaa bila kukosea hata mara moja, gawa 3 kwa idadi ya majaribio, na hapo unapata kiwango cha juu cha makosa ambacho bado hujakiondoa kwa uhakika wa 95%. Tatu kwa 30 ni 10%. Maana yake matokeo yako yanaendana vizuri tu na kipimo kinachomkosa mgonjwa mmoja kati ya kila kumi. Ukitaka kukadiria unyeti wa 90% bila kuyumba zaidi ya asilimia tano juu au chini, unahitaji karibu wagonjwa 140 wenye taifodi ya kweli. Kama wenye taifodi ni 5% ya wenye homa, hiyo ni kuandikisha watu wapatao 2,800. Najua namba hiyo inakatisha tamaa, nitairudia.

Kuna jambo gumu zaidi, na kwa taifodi ndilo linalowanyima usingizi watu wa fani hii. Unapima kipimo kipya kwa kukilinganisha na nini? Umetumia kuotesha damu, na ndicho kipimo rejea, yaani cha kulinganishia, kinachotumika zaidi. Lakini kuotesha damu humnasa karibu mgonjwa 6 kati ya 10. Uboho hutoa majibu bora, ila ni nani atakayekubali kutobolewa mfupa kwa homa ya siku nne? Sasa fikiria wagonjwa 100 wa kweli kati ya watu 1,000. Kuotesha kunawaona 60. Kipimo kipya, tuseme kweli kina unyeti wa 90% na umahususi wa 98%, kitawanasa 54 kati ya hao 60 na 36 kati ya 40 waliokosekana. Hao 36 ni wagonjwa halisi, lakini kwenye jedwali lako wataandikwa "chanya ya uongo". Ukiwajumlisha na 18 ambao ni chanya ya uongo kweli, umahususi utaonekana 94% badala ya 98%. Kipimo kimeadhibiwa kwa kumzidi mwalimu wake. Na ikiwa vipimo vyote viwili hushindwa kwa wagonjwa wale wale, mambo hugeuka, kipimo kipya kinaonekana kizuri kuliko kilivyo.

Wengi wakiliona hilo hukimbilia njia ya mkato: wanachukua zile sampuli ambazo vipimo viwili vimetofautiana, hizo tu, wanazipima kwa kipimo cha tatu na kurekebisha jedwali. Usifanye hivyo. Ukirudia zilizotofautiana peke yake, kipimo kipya kinaweza kupanda tu. Makosa ambayo vipimo vyote viwili viliyafanya pamoja hayaguswi kamwe. Njia ya haki ni kuamua mapema, kwa maandishi, nani atahesabiwa mgonjwa, kwa mfano ambaye damu yake imeotesha bakteria au aliyetimiza vigezo kadhaa vya maabara kwa pamoja, na kigezo hicho kitumike kwa kila mtu. Matokeo ya kipimo kinachochunguzwa yasiwe miongoni mwa vigezo hivyo. Vilevile kila aliyepimwa kwa kisahani aoteshwe damu, chanya na hasi. Mkiotesha chanya tu kwa kubana matumizi, wagonjwa waliokosewa hamtawaona kabisa, na unyeti utatoka wa kupendeza.

Turudi kwenye meza yako. Ulipokuwa ukisoma vile visahani, ulijua kipi ni cha mgonjwa na kipi ni cha mwenzako? Nadhani ulijua. Kila aliyewahi kusoma kipimo cha mistari anamjua yule wa utata: mstari wa udhibiti, unaoonyesha kwamba kisahani kimefanya kazi, umekolea vizuri, mstari wa kipimo ni kivuli cha waridi kinachoonekana ukikiinamisha kisahani kuelekea dirishani na kupotea ukikiweka sawa. Ukijua ni damu ya mgonjwa, utauona. Ukijua ni ya mwenzako, utasema ni doa. Hakuna udanganyifu hapo, ni macho ya binadamu. Dawa yake ni rahisi na haina gharama: mtu mwingine azibandike sampuli namba zisizosema kitu, azichanganye, na wasomaji wawili wasome kila mmoja peke yake na kuandika kabla ya kuzungumza. Kisha linganisheni. Kipo kipimo cha takwimu kiitwacho kapa, kilicholetwa na Jacob Cohen mwaka 1960, kinachoonyesha mmekubaliana kiasi gani zaidi ya bahati nasibu. Hata maneno unyeti na umahususi yaliingia kwenye tiba kwa mlango huo: Jacob Yerushalmy aliyatumia mwaka 1947 akihangaika na wasomaji wa eksirei za kifua waliotofautiana juu ya picha moja. Na heshimu saa. Kisahani cha dakika 15 kikisomwa baada ya dakika 40, mstari unaweza kujitokeza wenyewe.

Mengine nayapitia haraka kwa sababu unayaweza mwenyewe. Pima sampuli moja mara nyingi, siku tofauti, mikono tofauti, uone kama jibu linabaki lile lile. Jaribu sampuli dhaifu zilizozimuliwa, kwa sababu zenye nguvu hazifichui udhaifu. Jaribu damu ya wenye malaria na magonjwa mengine ya homa. Jaribu visahani vya namba tofauti za uzalishaji, na uangalie kama stoo yenu inakaa ndani ya nyuzijoto zilizoandikwa kwenye kasha.

Sasa tufanyeje? Utafiti wa watu 2,800 si kazi ya kituo kimoja, na hakuna anayewadai. Kinachotarajiwa kwenu ni uhakiki: kuonyesha kwamba kipimo ambacho wengine wamekitathmini ipasavyo kinafanya kazi vile vile mikononi mwenu. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwandikia aliyewaletea na kudai ripoti ya tathmini huru. Ikija, isome kwa maswali manne, ambayo ndiyo mihimili ya QUADAS-2, chombo cha mwaka 2011 cha kupima ubora wa tafiti za vipimo: washiriki walipatikanaje, walikuwa wagonjwa wa homa waliofuatana au waliochaguliwa? Kipimo kilisomwa na mtu asiyejua jibu? Kipimo rejea kinaaminika? Kila mshiriki alipata vipimo vyote viwili kwa wakati unaokaribiana? Ripoti isiyojibu haya, hata iwe na rangi nzuri, irudishe.

Ukiniuliza msimamo wangu, kwa kisahani cha kingamwili za taifodi nisingeanza sasa. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao unaokusanya na kuchambua tafiti za tiba, yalivikuta vipimo vya haraka vya taifodi vilivyochunguzwa kuwa na usahihi wa wastani tu, visivyoweza kushika nafasi ya kuotesha damu. Hoja ya "bora kitu kuliko kukosa kabisa" naielewa, lakini imewahi kutugharimu. Vipimo vya damu vya kingamwili za kifua kikuu viliuzwa kwa wingi mpaka Julai 2011, Shirika la Afya Duniani liliposhauri visitumike kabisa kugundua kifua kikuu hai. Waliopewa majibu ya uongo katika miaka hiyo hawakuwa na "kitu". Kwa taifodi, chanya ya uongo inampa mtu antibayotiki asiyoihitaji, inaongeza usugu, na mbaya zaidi inamfanya kila mtu aache kutafuta chanzo cha kweli cha homa.

Njia ya kati ipo. Unganeni na vituo vingine na maabara ya rufaa, pimeni wenye homa wanaofuatana bila kuchagua, huku matokeo ya kisahani yasitumike kwanza kuamua matibabu. Kwa hatua hiyo msiende peke yenu. Mtafuteni mwanatakwimu kabla ya kukusanya sampuli ya kwanza, kwa kuwa akija mwishoni hatakuwa na la kurekebisha. Pelekeni mpango kwa kamati ya maadili ya utafiti, na mwulize mamlaka inayosimamia vifaa tiba kama kisahani kimesajiliwa. Kisiposajiliwa, mazungumzo yameishia hapo, hata mkuu wa kituo atakuelewa.

Mweleze pia mkuu kwamba kazi haiishi siku ya kuanza. Vipimo vingi vya haraka vya malaria hutafuta protini ya vimelea iitwayo HRP2, navyo vilitathminiwa sana. Hata hivyo mwaka 2010 iliripotiwa kutoka Peru kwamba baadhi ya vimelea wamepoteza jeni ya protini hiyo, hivyo hawaonekani kwenye kisahani. Weka daftari la majibu yanayogongana na hali ya mgonjwa, na yakianza kuongezeka, simamisha na utoe taarifa.

Na kwa daktari wenu: mgonjwa mwenye homa ya kupanda kwa siku nyingi, aliyechanganyikiwa, anayetoa damu kwenye choo, au ambaye tumbo limekuwa gumu na linauma ghafla, apelekwe hospitali yenye upasuaji siku hiyo hiyo. Damu ya kuotesha ichukuliwe kabla ya antibayotiki ikiwezekana, matibabu yaanze, na jibu la kisahani, liwe chanya au hasi, lisimcheleweshe.